Samaki Ni wa Aliyemtunga

Mkanda wa kwanza Evaristo aliurudisha kesho yake asubuhi, bado unanuka plastiki ya dukani. Aliutupa juu ya kaunta kwa mkono wa kulia, akausukuma kwangu kama mtu anayerudisha sahani aliyoikuta na unywele.

"Haufai."

"Haufai nini, kaka? Umeuvaa?"

"Nimeuvaa mpaka nimekoma. Hebu tazama hiki kitambaa cha kunata. Unavuta huku, unashikilia kule. Haya, huku nimevuta. Kule nishikilie na nini, Tencha? Na meno?"

"Mwambie mkeo Zulema akushikilie."

"Aje naye majini? Basi anichane na nywele kabisa."

Nilimpa mwingine, mpana, wa kukaza mgongo. Huo nao ukarudi, kwa sababu mifuko yake ilikuwa ya zipu, na zipu iliyolowa maji ya chumvi inataka mkono wa kuvuta na mkono wa kubana. Nikampa wa tatu. Kufikia katikati ya Kwaresima, bwana Janak, mwenye duka, alikuwa akiliona gari la kaka yangu linaingia anakwenda zake nyuma kuwaangalia uduvi wa chambo, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Duka letu liko njia ya kwenda darajani, na tunauza vitu vya watu wanaovua kwa miguu. Ghuba ya Aransas ni ya maji mafupi. Mtu anashuka ufukweni na kutembea, maji magotini, maji kiunoni, mpaka nyumba zinakuwa ndogo nyuma yake. Huko hana mashua ya kuwekea kitu. Alicho nacho kiunoni ndicho alicho nacho. Nyuma amechomeka wavu, ubavuni koleo, mbele kuna mrija wa kusimamishia ufito wa kuvulia mikono ikiwa na kazi nyingine, na kwenye nyonga amefunga mtungo wake: kamba ndefu, sindano ya chuma ikiwa huku mkandani na boya likielea kule mwisho, na samaki wake, waliopitishwa kamba mdomoni, wanamfuata nyuma wakiwa hai mpaka aamue kurudi nyumbani.

Wageni kutoka San Antonio huja Ijumaa jioni na kuchagua mkanda kwa rangi. Halafu huchukua mtungo mfupi, eti mrefu unatatiza. Nawaambia: chukua mrefu. Papa akija kudai chake, afadhali adai mbali. Wengine hucheka. Wengine hurudi Jumapili kununua mtungo mwingine, na hao hawacheki.

Lakini Evaristo si mgeni. Kila ninachowaambia wageni nilikisikia kwake. Ndiyo maana alinitia uchungu.

Kiharusi kilimkuta kazini mwaka juzi, ameshika mashine ya kuchomelea, kule yadi wanakounda majukwaa ya mafuta. Mguu ulirudi. Ulimi nao ulirudi, na wifi yangu Zulema anasema ulirudi na nyongeza. Mkono wa kushoto haukurudi. Ulibaki unaning'inia, vidole vimekunjika nusu, kama umeshika kikombe kisichokuwepo. Daktari alimwambia ashukuru. Evaristo alimshukuru, akatoka nje, akajaribu kufunga kifungo cha shati, akashindwa, akarudi nyumbani kifua wazi.

Nieleze alivyokuwa, mpate kunielewa. Alikuwa mtu asiyeweza kupita kitu kilicholegea bila kukikaza. Geti langu, kitanda cha marehemu mama, kengele ya kanisa, vyote vina alama ya moto wake. Shati la kwenda kuvulia alilipiga pasi. Baada ya kiharusi alitupa mashati yake yote ya vifungo, akanunua yale ya kubonyeza, pa, pa, pa, kwa kidole gumba, na ole wako unyooshe mkono kumsaidia. Zulema aliwahi kumkatia nyama kwenye sahani. Nyama ile aliila mbwa.

Sasa ongeza juu ya hayo sheria ya baba yetu.

Baba alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo yalikuwa sheria. Nyumbani kwetu Ijumaa Kuu haliwi ila samaki tuliyemvua wenyewe, kwa miguu, na kila mtu anakula wake. Asiyekuwa na samaki anakula dengu. Na samaki wako ni yupi? Baba alisema kunasa ni bahati, hata mlevi hunasa. Kazi ni kumtia samaki mtungoni. "Samaki ni wa aliyemtunga." Basi. Hapakuwa na rufaa.

Mimi ndiye niliyeumizwa na sheria hiyo. Nilipokuwa mdogo niliogopa miba ya mgongoni. Nilikuwa nanasa vizuri tu, namvuta samaki mpaka karibu, halafu namwona amesimamisha miba yake na moyo unanikimbia. Napiga kelele: "Kaka! Nishikie, miba inanichoma!" Evaristo angekuja mbio, maji yanaruka, meno yote nje. Angemshika samaki wangu, angempitisha sindano yake, angemwachia ateleze mpaka kwenye boya lake, kisha angenitazama kwa upole wa kasisi: "Samaki ni wa aliyemtunga, mdogo wangu."

"Nimemvua mimi!"

"Kamlilie Baba."

Nilimlilia Baba. Baba alisema ndiyo sheria. Ijumaa Kuu nikakalishwa mbele ya bakuli la dengu, na kaka yangu akakaa mkabala, akinyonya mifupa ya samaki wangu kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili. Nililia ndani ya bakuli lile mpaka sikuhitaji chumvi. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Hatimaye nilijifunza kushika samaki, kwa hasira na si kwa ushujaa.

Baba amekufa, na meza sasa iko kwa Evaristo, lakini sheria iko palepale. Na mwaka jana, Ijumaa Kuu ya kwanza tangu kiharusi, Evaristo hakuwa ameingia majini. Wanawe walikuwa na samaki. Mimi nilikuwa na wangu. Zulema, ambaye huvua vizuri kuliko sisi sote na hasemi, alikuwa na wawili. Evaristo aliinuka, akaenda jikoni, akajipakulia dengu.

"Baba, kula samaki bwana," mwanawe mkubwa akamwambia.

"Nimemtunga wapi?"

Alikula mpaka bakuli likawa tupu, akasema asante, akaondoka kabla capirotada, ule mkate mtamu wa Kwaresima, haijaletwa mezani, naye ndiye mtu anayeweza kuuza gari kwa ajili ya capirotada. Tangu siku hiyo alikuwa akishinda gereji, redio imezimwa. Mwezi wa pili mwaka huu Zulema alikuja dukani, akanisubiri niwe peke yangu.

"Wifi," akaniambia, "mume wangu ananikaukia mle ndani. Akila dengu tena mwaka huu, mimi sijui. Mwingize majini. Ila ile kamba aliyozoea kuifunga fundo mkandani, hiyo sitaki kuiona. Mtu wa mkono mmoja, papa avute, fundo alifungue na nini?"

Ndivyo kazi ilivyoniangukia. Nimtafutie mkanda anaoweza kuufunga peke yake, mtungo anaoweza kuutumia peke yake, na kifungo cha kuachia, kile cha kuvuta ulimi mara moja kamba ikaachana nawe. Nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Mimi nauza vitu hivi!

Nilimpa mtungo wa mnyororo wenye vibanio. Kila kibanio kinafunguliwa kwa vidole vya mikono miwili. Ukarudi. Nikampa kibanio cha kumshika samaki mdomo, kinachoning'inia mkandani. Samaki alijizungusha nacho mpaka kikampiga Evaristo pumbuni, na hicho hakukirudisha, alikitupa baharini. Alifanyia mazoezi gereji, kwa samaki waliokufa, akiwabana kwapani, akiwabana magotini. Zulema alisema nyumba inanuka soko. Na majini, niambieni, magoti yanabana nini?

Hapo ndipo nilipotoa kapu. Nilikuwa nimelificha mpaka nione yote yameshindikana, kwa sababu namjua.

"Tazama hili," nikamwambia. "Kapu la kuelea. Unamtoa samaki ndoana, unamtumbukiza humu, kwisha. Hakuna sindano. Hakuna mikono miwili. Nusu ya watu wa ghuba hii siku hizi wanalitumia."

Aliligeuza. Alilikagua kingo kwa kidole gumba, kama anakagua chuma cha mtu mwingine.

"Zuri," akasema.

"Si ndiyo?"

"Zuri sana. Sasa mezani nitasemaje? Samaki ni wa aliyemtumbukiza?"

"Evaristo, Baba amekufa."

"Baba ndiye aliyekufa. Sheria nayo mliizika lini? Mbona sikualikwa?"

"Kidole kimoja hakivunji chawa, kaka!"

"Bahati nzuri sina chawa."

Kicheko kilitoka nyuma, kwenye matangi ya uduvi. Nilimkata jicho bwana Janak, na ni mwajiri wangu. Nilikuwa nimejaa hasira mpaka masikio yanawaka. Kapu lile lingemweka majini siku hiyohiyo. Lingemtoa gereji. Na yeye anakataa kwa ajili ya maneno ya mtu aliyelala kaburini, mtu ambaye, mimi nikiulizwa, alikuwa na roho ngumu tu na akaita sheria.

"Basi kaa na dengu zako," nikamwambia.

"Nitakaa nazo."

Alitoka. Nikadhani tumefika mwisho. Kumbe jioni aliniletea nyumbani kitu kimeviringishwa kwenye gazeti: mkanda wake wa zamani, aliojishonea mwenyewe ujanani kwa mkanda wa kiti cha gari bovu la Baba. Kifungo kilikuwa kilekile cha gari. Alijizungushia kiunoni, akaubana kwa tumbo kwenye ukingo wa meza yangu, akachomeka kwa mkono mmoja. Klik. Akabonyeza kwa kidole. Ukafunguka.

"Magari ya dunia nzima yanafungwa kwa mkono mmoja," akasema. "Hawa wanaokuuzia mikanda hawajapata habari?"

Hilo nalo liliniudhi. Miezi miwili ananirudishia mali ya watu, na jibu limetundikwa msumarini kwake! Nilikaa mezani usiku ule na kuushonea mrija mbele na kifungo cha kuachia nyonga ya kulia. Utepe wa gari ni mgumu. Nilivunja sindano, nikajichoma, nikatukana. Yeye alisimama juu ya bega langu.

"Kushoto kidogo."

"Nitakushona mdomo."

"Naona umeusogeza. Nimesema kidogo."

Mtungo alichagua wa kawaida, ule wa sindano ndefu ya chuma, sawasawa na wa Baba. Nilimuuliza atautumiaje. Alisema tutaona. Neno hilo, tutaona, lilininyima usingizi.

Tuliingia majini Alhamisi Kuu, mapema, upepo wa kusini-mashariki ukitupiga mashavuni. Tuliburuta miguu ili taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, waliolala mchangani watuhisi na kutupisha. Nilikuwa na ufito wangu mkononi lakini sikuvua. Nitavua vipi? Nilikuwa namtazama yeye.

Kutupa ndoana alikuwa ameshajifunza. Kuvuta pia: alisimamisha ufito kwenye mrija, akaegemeza kifua, akazungusha rili ya kukunjia mshipi kwa mkono wa kulia. Samaki wa kwanza alikuja upesi, trauti mzuri wa madoadoa. Evaristo alimtoa ndoana, akambana kwapa la kushoto, akachukua sindano. Samaki akateleza, akaenda zake.

"Kaka, mwache kwanza na ndoana mdomoni. Ukimtunga ndiyo umtoe."

"Nimekuuliza?"

Wa pili alimtoa ndoana tena, makusudi nadhani, akambana kati ya mkono mbovu na tumbo. Huyo naye akaenda zake. Shati lake la pasi lilikuwa limejaa magamba. Alitukana kwa Kihispania, akarudia kwa Kiingereza, ili pasiwe na anayekosa.

"Niruhusu nimshike tu wa tatu. Nimshike, utunge wewe."

"Kaa huko huko!"

"Mkaidi wewe!"

"Na wewe mwanamke wa makapu!"

Nilisimama huko huko. Nilikuwa nimechoka naye, nimechoka na baba yake, ambaye ni baba yangu. Jua lilipanda. Halafu ufito wake ukainama tena, kwa nguvu, na safari hii alimleta samaki mwekundu, mnene, doa jeusi mkiani. Alimtazama pale majini muda mrefu. Ndoana akaiacha mdomoni mwa samaki, jambo nililokuwa nimemwambia tangu asubuhi. Akaichomoa sindano mkandani, akaiuma.

Nikakumbuka: na meno?

Ncha ilitazama nje kama msumari. Akamkamata samaki taya kwa mkono wa kulia, akamwinua mpaka usoni pake na kumsukumia kwenye sindano. Samaki alimpiga kofi la mkia. Akamsukuma tena. Ncha ikatokea upande wa pili. Akamwachia samaki, akaidaka ncha, akafungua meno, akavuta, na kamba ikapita. Ndipo akatoa ndoana, akairudisha sindano mkandani. Samaki akateleza mtungoni, akaenda kule kwenye boya, akatulia.

Kaka yangu alinigeukia, kidevu kina damu, mdomoni amebandika gamba.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mkono mmoja!"

"Na mdomo. Huo mdomo peke yake ni mikono mitatu."

Alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu kiharusi. Nilijiinamia kukaza buti ambalo halikulegea, mpaka macho yangu yakawa sawa.

Kama tungerudi ufukweni saa ileile! Lakini alisema mmoja ni kidogo kwa meza ya Zulema, akazidi kusogea ndani, maji yakamfika juu ya mkanda. Niliona boya lake likizama. Lilirudi juu, likazama tena, na safari hii Evaristo alivutwa kinyumenyume hatua nzima.

"Achia!" nikapiga kelele. "Vuta kifungo!"

Mkono wake wa kulia uliacha rili. Ulishuka nyongani, ukapita kifungo, ukakamata kamba. Niliona kwa macho yangu. Aliegemea nyuma na kuvutana na papa kama watoto wanaovutana kamba sikukuu ya shule.

"Evaristo, achia!"

"Simwachii!"

Maji ya kifuani hayakimbiki. Nilikwenda hivyohivyo, nalia, namtukana, naona ubavu wa kijivu ukigeuka pale boya lilipokuwa, mkubwa kuliko nilivyotaka kuuona. Mkanda ulikuwa umemzungusha. Mguu ule uliorudi ulianza kumsaliti. Nilimfikia, nikaingiza mkono chini ya maji, nikaupata ulimi wa kile kifungo nilichokishona mwenyewe, nikauvuta kwa nguvu zangu zote.

Mkanda uliachana na kamba. Mkono mmoja haukuweza kuushika uzito ule. Kamba ilimchuna kiganja, ikatoka, ikaenda. Boya lilionekana mara moja, mbali, na halikuonekana tena.

Tulibaki tunahema.

"Nani alikwambia uvute?" akaniuliza.

"Papa!"

"Nilikuwa naye."

"Ulikuwa naye, au alikuwa na wewe?"

Alikitazama kiganja chake, kimewiva chekundu. Sauti ilimshuka. "Alikuwa samaki wangu, Tencha. Nilimtunga."

 Aligeuka, akaanza kurudi ufukweni, anaburuta miguu, ufito begani. Nilimwambia bado mapema, ninao mtungo wangu, tujaribu tena. Alisema bila kugeuka kwamba nikavue zangu, Zulema ana dengu za kutosha.

Nilimfuata kwa mbali. Niliwakasirikia watu wote: wenye viwanda vya mikanda, papa, Baba, na zaidi yeye. Na nilijua jambo moja. Mtu yule akikaa mbele ya bakuli lile kesho, hatainuka tena kuja majini, na gereji itamla. Nilitupa ndoana kwa hasira tu, popote, kama mtu anayetupa jiwe. Ikadakwa.

Alikuwa samaki mwekundu mwingine, si mkubwa kama yule, lakini wa meza. Nilimvuta mpaka karibu. Wavu ninao, koleo ninalo, mikono miwili ninayo, na miaka mingi sasa nawashika samaki kuliko ninavyoshika vijiko. Akasimamisha miba yake ya mgongoni.

"Kaka!" nikapaza sauti. "Nishikie, miba inanichoma!"

Alisimama. Hakugeuka.

"Una wajukuu wewe," akasema.

"Nimesema inanichoma!"

"Unauza glavu dukani."

"Nimezisahau!"

Sasa aligeuka. Alinitazama mimi, akamtazama samaki, akanitazama tena, na uso wake ukawa mgumu. "Usinionee huruma, Tencha. Nakuonya."

"Huruma gani? Samaki anachomoka, bwana! Unakuja, huji?"

 Halafu alianza kuja. Mwanzoni pole pole, akiburuta, kisha maji yakaanza kuruka. Aliponifikia nilifungua kifungo changu, nikauchomeka mtungo wangu kwenye mkanda wake. Aliiuma sindano. Akamkamata samaki wangu taya, na mwiba ukamwingia pale pale kamba ilipomchuna.

"Kweli anachoma huyu," akasema kupitia menoni.

"Si nilikwambia."

Akamsukuma, akaidaka ncha, akavuta. Samaki akateleza kwenye boya. Evaristo alijifuta damu kidevuni kwa bega, akanitazama, na upole ule wa kasisi, ule niliouchukia utoto wangu mzima, ukamjaa usoni.

"Samaki ni wa aliyemtunga, mdogo wangu."

"Nimemvua mimi!" nikasema, na sauti yangu ilitetemeka vizuri kuliko nilivyopanga.

"Kamlilie Baba."

Nilirusha ndoana mpaka bwana Janak aliponipigia simu kuniuliza kama nimeacha kazi. Sikupata hata dagaa.

Ijumaa Kuu Zulema alimleta samaki yule mzima, amekaangwa, akamweka mbele ya mumewe bila kumuuliza kitu. Mwanawe mkubwa aliniona na bakuli langu la dengu, akataka kunigawia kipande cha wake. Evaristo alizuia uma wake kwa uma.

"Hapana. Sheria."

Alimla samaki wangu taratibu. Alisifu mafuta yake. Alinyonya mifupa kwa sauti ya kusikika nyumba ya pili, akanitazama kila mfupa, na capirotada ilipoletwa alikuwa bado amekaa. Dengu za Zulema zilikuwa zimepungua chumvi, kama kawaida yake. Kaka yangu aliona nimeacha kijiko, akanisogezea kopo.

"Chukua chumvi, Tencha," akasema. "Siku hizi hulii."

Nililichukua, nikaliweka kando. Sikulihitaji.